Naomba ushauri: kupima jeni ya COMT kuna faida kwa anayeelemewa na msongo?

Wakuu, habari zenu. Mimi na mdogo wangu tumelelewa nyumba moja, lakini presha ya kazi ikizidi yeye hutulia tu, mimi kichwa huganda na usingizi hupotea. Nimesoma kuhusu kimeng'enya COMT, kinachotokana na jeni hiyo, ambacho huvunja dopamini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo) kwenye sehemu ya mbele ya ubongo. Kina aina mbili zinazotofautiana kwa asidi amino moja (kiungo kimoja kinachounda protini), nafasi ya 158: yenye valini hufanya kazi haraka, yenye methionini polepole, hivyo dopamini hukaa zaidi. Inasemekana wenye methionini hufikiri vizuri mambo yakiwa shwari, ila msongo ukipanda huyumba. Nilijiona humo papo hapo, na hilo lenyewe linanitia shaka.

Sasa wapo wanaouza kipimo cha jeni hii kwa kutumia mate. Wenye utaalamu, majibu yake yatabadilisha chochote kwenye matibabu, au bora hela hiyo nimlipe mwanasaikolojia? Pia wanauza vidonge eti vya kusawazisha dopamini. Mimi natumia sertralini kwa ajili ya sonona, na daktari nitamwona mwezi ujao. Nimuulize nini hasa?