Kamati ya maadili imerudisha fomu yangu ya ridhaa. Washiriki ni viziwi na wasioona

Daftari_Jeusi
Wakuu, naomba msaada. Utafiti wangu wa uzamili unahusu namna kanuni za mitihani za chuo zinavyowafikia wanafunzi viziwi na wasioona. Nitahoji watu 12, kila mmoja dakika 45, na nitarekodi. Kamati imerudisha maombi ikiwa na hoja tatu: fomu ya ridhaa haisomeki kwa washiriki wote; nimeahidi "hakuna atakayekutambua" bila kuonesha kwa njia gani; na sijasema nitafanya nini mshiriki akieleza kwamba amenyanyaswa. Wawili wameshakubali kwa mdomo. Naweza kuanza nao huku narekebisha?

Kalamu_na_Rula
Usianze. Kibali hakirudi nyuma. Data iliyokusanywa kabla ya barua ya kibali kwa kawaida hairuhusiwi kutumika, hata kama mshiriki aliridhia kwa moyo mweupe, na jambo lenyewe linaweza kutoka kamati ya maadili likaishia kamati ya nidhamu.

Kwa wasioona, kikwazo mara nyingi ni faili lenyewe. Fomu iliyochapishwa, ikasainiwa na msimamizi kisha ikaskaniwa kuwa PDF, ni picha tu. Kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona maandishi kwa sauti, hakina herufi ya kusoma pale. Tuma faili la Word ambalo vichwa vimewekwa kwa mitindo ya vichwa, si kwa kukoleza maandishi. Ile mistari ya nukta ya kujazia jina iondoe, maana baadhi ya visoma skrini huzitamka moja moja. Wenye uoni hafifu waandalie nakala ya herufi za ukubwa wa 18. Nukta nundu uliza kwanza, si kila asiyeona anazisoma.

Badala ya sahihi, omba kamati ikubali ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, lina nafasi ya ridhaa isiyo ya maandishi mradi iwekewe kumbukumbu rasmi na ishuhudiwe. Ila sauti ya ridhaa iwe faili lake peke yake. Humo mtu anataja jina lake. Ukiirekodi mfululizo na mahojiano, jina limeshaingia kwenye data.

Mikono_Inasema
Naongeza upande wa viziwi, maana hapo ndipo maombi mengi hulegea. Kwa kiziwi aliyekulia kwenye lugha ya alama, lugha ya maandishi mara nyingi ni ya pili. Kumpa kurasa nne asome si kumweleza. Andaa video ya maelezo kwa lugha ya alama, vipande vifupi, kila kipande hoja moja, kisha mwombe akueleze kwa alama zake alichoelewa kabla hajakubali.

Mahojiano nayo lazima yawe video, na hapo ahadi yako ya "hakuna atakayekutambua" inavunjika papo hapo. Usikimbilie kufifisha uso. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikiinuka sentensi inakuwa swali la ndiyo au hapana. Mikono ile ile, nyusi zikitulia, ni taarifa. Ukifuta uso umefuta sarufi. Andika wazi kwamba video itatafsiriwa kuwa maandishi, tafsiri itahakikiwa na mkalimani wa pili, kisha video ifutwe kwa tarehe unayoitaja. Ruhusa ya kuonesha kipande kwenye mkutano iwe kisanduku tofauti, asiyekitaka asipoteze nafasi ya kushiriki.

Mkalimani asaini kiapo cha usiri, na mshiriki awe na haki ya kumkataa. Huenda ndiye huyo huyo anayemtafsiria darasani kila siku. Na dakika 45 hazitoshi. Kupitia mkalimani panga 75 hadi 90, na mapumziko katikati.

Kalamu_na_Rula
Mikono_Inasema kasema kweli tupu. Hoja ya pili sasa. Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data wa Marekani, alionesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vilitosha kuwatofautisha takribani asilimia 87 ya Wamarekani. Wewe una kundi dogo mno. "Mwanafunzi wa kike asiyeona, mwaka wa tatu, sheria" huenda ni mtu mmoja chuo kizima, na jina bandia halimfichi. Kitivo na mwaka wa masomo viache nje ya ripoti. Kwenye fomu andika: "Nitaondoa jina na maelezo yanayokutambulisha, lakini kwa kuwa kundi ni dogo, anayekufahamu vizuri anaweza kukuhisi." Kamati hupenda ukweli huo kuliko ahadi nono. Taja pia siku ya mwisho ya mtu kuondoa maelezo yake, mathalani siku 14 baada ya mahojiano, kabla hujachanganya data.

Daftari_Jeusi
Asanteni sana. Hoja ya tatu? Nilikuwa nimeandika "siri itatunzwa kwa asilimia 100".

Mikono_Inasema
Futa hiyo. Vyuo vingine humlazimu mtafiti kutoa taarifa akisikia unyanyasaji, vingine humwachia mshiriki aamue. Soma sera ya chuo chako, kisha mshiriki aambiwe mipaka ya siri kabla ya swali la kwanza. Akiisikia baada ya kusema, umemtega. Akianza kueleza, simamisha kurekodi, muulize kama anataka kuendelea, kupumzika au kuacha. Usimhoji zaidi kutafuta ushahidi, hiyo si kazi yako. Mpe njia za msaada anazoweza kuzitumia kweli: namba ya simu haimfai kiziwi, na mshauri nasaha asiye na mkalimani hamfai pia. Hakikisha hayo kabla ya kuyaandika.

Kalamu_na_Rula
Ukirudisha maombi, ambatanisha barua inayotaja kila hoja, ulichobadilisha na ukurasa ulipo. Na wale wawili waliokubali kwa mdomo, kibali kikitoka waanze upya kwa fomu mpya, wakiwa na uhuru wa kukataa.