Onyesho la piano na fidla Mji Mkongwe: makofi lini, na tukae wapi?

MkaaMalindi:
Assalaam alaykum wanajamvi. Wiki ijayo nampeleka mama kusikiliza piano na nyuzi, saa 1:00 usiku. Ratiba ni kwinteti ya mtunzi Schubert ile ya "Trout", halafu ya mtunzi Schumann. Kwinteti si watu watano? Mbona karatasi ina wapigaji sita? Na sisi watu wa taarab tumezoea kuinuka kutunza, huko inakuwaje?

fidla_na_selo:
Waalaykum salaam. Sita ni sawa. Schumann (1842) anataka piano, fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo, sauti nzito zaidi) na selo (kubwa zaidi, hupigwa umekaa, ikiwa baina ya magoti). Schubert (1819) aliiacha fidla ya pili akatia besi, lile dude kubwa linalosimamishwa. Wanne wanabaki, mmoja anatoka, mwengine anaingia. Besi ikishabeba sauti za chini, selo inapata nafasi ya kuimba, na piano inacheza juu zaidi, mara nyingi mikono miwili ikipiga mwimbo ule ule kwa oktava, yaani noti zile zile, mkono mmoja juu na mwengine chini.

Kutunza hakuna. Makofi ni mwisho wa kazi nzima: sehemu tano kwa Schubert, nne kwa Schumann. Baina ya sehemu watu hukaa kimya, wapigaji wakifuta jasho na kukaza nyuzi.

Hesabu peke yake haitoshi, kuna mtego. Sehemu ya tano ya "Trout" husimama katikati kwa kishindo kama imekwisha, na ukumbi mzima hupiga makofi bure. Schumann naye karibu na mwisho husimama, kisha mwimbo wa sehemu ya kwanza unarudi ukifukuzana na ule wa sehemu ya nne. Tazama pinde za wapigaji, zisiposhuka bado haijaisha.

Mama atapenda sehemu ya nne ya Schubert. Mwimbo unaanza kwa nyuzi tupu, piano kimya. Kisha unapitishwa: kwanza piano, baadaye selo na besi chini huku piano ikikimbia juu yao.

BintiShangani:
Kukaa: safu ya tatu hadi ya sita, katikati. Kuta za mawe na chokaa zinarudisha sauti sana, ukikaa nyuma piano inavimba na viola humsikii. Kama mama anataka kuona vidole, sogeeni kushoto, kwani mfuniko wa piano hufunguliwa upande wa watazamaji na mpigaji hukaa kushoto kwenu.

Pangaboi huzimwa, maana karatasi za noti hupeperuka hata zikibanwa. Joto litakuwepo. Nguo nyepesi, na bangili za mama zibaki nyumbani. Sehemu ya pili ya Schumann ina mwendo wa jeneza na kila mlio unasikika.

fundi_nyuzi:
Fikeni mapema msikie wakilinganisha sauti. Piano inatoa noti iitwayo "la", wengine wote wanaifuata, kwa sababu yenyewe ina nyuzi zaidi ya 200 na haigeuzwi papo hapo. Unyevu wa kwetu ndio adui: ubao wa sauti unavimba, unazisukuma nyuzi, sauti inapanda, za katikati zaidi kuliko za pembeni. Kosa la waandaaji wengi ni kumleta fundi ukumbi ukiwa na kiyoyozi, kisha kukizima watu wakiingia. Atengeneze siku ile ile, hewa ikiwa kama itakavyokuwa usiku.

Na sikio la ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, msilitegemee sana. Piano haina robo sauti za maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) kama Rasti wala Bayati.

MkaaMalindi:
Shukran. Isha je?

BintiShangani:
Ukianza saa 1:00, adhana huenda ikaangukia ndani ya Schubert, na yeye peke yake ni dakika kama 40. Waulizeni waandaaji kama wataanza baada ya sala. Wakikataa, chagueni viti vya pembeni karibu na mlango, na mtoke baina ya sehemu mbili, si wakati wanapiga.