Mhusika asiyeonekana: kanuni zipi zinafaa mezani? Tumekwama ndani ya boma

KakaDadu, Shangani Mtwara
Wakuu, habari za jioni. Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, kila Jumamosi kwa kanuni za 2014. Hadithi yetu iko Mikindani, miaka michache baada ya Wajerumani kujenga lile boma mwaka 1895, na wahusika wanataka kuiba daftari la kodi. Mdogo wangu anacheza mchawi. Kajifanyia uchawi wa kutoonekana, kasema, "Naingia, nachukua, natoka." Mimi msimamizi nikamwambia askari wamekusikia. Akaja juu: wamenisikiaje na mimi sionekani? Tukabishana mpaka umeme ukakatika.

Nafikiria kuhama. Kuna kanuni mpya za 2024, kuna Pathfinder toleo la pili, mchezo mwingine wa aina hiyohiyo. Aliyezitumia aniambie.

Mwl_Newala
Usihame kwanza, kaka. Kitabu ulichonacho kina jibu, ila watu wanalisoma harakaharaka. Kutoonekana ni kitu kimoja, kujificha ni kitu kingine. Asiyeonekana akishambuliwa, adui anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua ndogo. Akishambulia yeye, anachukua kubwa. Lakini mahali alipo panajulikana kwa kelele au nyayo. Akitaka pasijulikane, atumie zamu yake kujificha, arushe dadu ya kunyata, ilinganishwe na utambuzi wa askari: 10 jumlisha nyongeza yake. Uchawi unampa nafasi ya kujificha hata katikati ya uwanja mtupu, basi. Akishambulia au akifanya uchawi mwingine, umekwisha. Asipofanya hivyo ana saa moja, ilimradi asipoteze umakini.

Wachezaji wangu huwa nawauliza: umeshawahi kupita usiku kwenye shamba la mikorosho ambalo halijafyekwa? Giza totoro, hakuna anayekuona, na kila hatua yako inasikika mpaka kwa jirani. Wakishafikiria hilo hawabishi tena.

binti_mikindani
Shikamoo mwalimu. Mimi natumia za 2024. Ni nyepesi: unajibanza nyuma ya kitu, nje ya macho ya adui, unarusha. Ukifikisha 15 unapewa hali ileile ya kutoonekana, na namba uliyopata ndiyo anayekutafuta anapaswa kuifikia. Inaisha ukitoa sauti inayozidi mnong'ono, ukishambulia, ukifanya uchawi wa kutamka, au adui akikugundua. Raha yake ni ile 15, kila mtu mezani anaijua.

Ubaya: umejificha nyuma ya pipa, umepata 18, halafu unatoka unasimama mbele ya askari saa sita mchana. Bado huonekani? Watu wanasoma maneno yaleyale na kutoka na majibu mawili. Mezani kwetu tulikata shauri wenyewe: ukitoka kwenye kificho mbele ya macho ya mtu, kakuona, hakuna dadu.

pweza_wa_Msimbati
Pathfinder toleo la pili, bila kupepesa macho. Ina ngazi nne. Unaonekana, umefichika, yaani wanajua ulipo ila hawakuoni, hawajui ulipo, hawajui hata kama upo. Ukiwa umefichika, anayekulenga anarusha kwanza dadu ya 20, na isipofika 11 kakosa. Wasipojua ulipo, wanakisia mraba wa ramani uliposimama na msimamizi anarusha kwa siri. Kukutafuta kunagharimu kitendo kimoja kati ya vitatu vya zamu.

Kilichonifurahisha ni kwamba kila askari ana hali yake. Wa mlangoni kakusikia, wa juu hana habari. Hapo mchezo unanoga. Ila ujiandae na karatasi! Askari sita kwa wahusika wanne, daftari langu lilikuwa kama la karani wa ghala siku ya mnada wa korosho.

mzee_wa_kete, Lindi
Mnasahau michezo ya ubao. Scotland Yard, Ujerumani 1983, wapelelezi wanamsaka mtoro mjini: mtoro anaandika vituo vyake kwa siri, anajitokeza zamu ya 3, 8, 13 na 18. Nimeiazima kanuni hiyo mezani kwetu. Asiyeonekana anaandika alipo, kila baada ya zamu nne anaonyesha. Ule ubishi wa "mimi nilikuwa pale kwenye ngazi" umekufa. Ila ni kwa kufukuzana tu. Ukiutumia usiku kucha, wenzake watalala.

KakaDadu
Ahsanteni. Na upande wa pili je? Adui asiyeonekana, wachezaji wamtafuteje?

Mwl_Newala
Kijana wangu mmoja, kwao wana mikorosho, alinitoa jasho. Jini asiyeonekana yuko chumbani. Yeye akasema, "Namrushia salfa." Ile dawa ya unga ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho! Kitabuni haimo. Nikamwambia rusha. Akipata, adui ana umbo la manjano mpaka atumie zamu nzima kujipangusa.

binti_mikindani
Mwalimu, kwa heshima, hiyo ni rahisi mno. Uchawi wa kutoonekana, wa ngazi ya pili, unaangushwa na konzi ya unga?

Mwl_Newala
Mwanangu, Faerie Fire, uchawi wa kumzungushia adui mwanga, ni ya ngazi ya kwanza na inafanya hivyohivyo kwa kundi zima. Halafu salfa ilitimka machoni mwa wenzake pia. Raundi mbili wote wanapiga chafya.

pweza_wa_Msimbati
😂 Hiyo naiba.

KakaDadu
Basi nabaki na 2014. Naongeza la pweza, kila askari na anachokijua yeye. Salfa ruksa, na chafya zake. Jumamosi tunaendelea palepale: dogo yuko chumba cha daftari, askari wa mlangoni kasikia kitu, wa juu hajui.

dogo_mchawi
Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Kaka, naanza kwa kuvua viatu.