Laini ni kW 100 tu, betri itanitosha kuendesha chaja mbili za kW 150?

mgeni_wa_volti
Wakuu habarini za muda huu. Niko kwenye mpango wa kufungua kituo cha kuchajia magari ya umeme, chaja mbili za kW 150 kila moja, shida ni kwamba laini tuliyopewa mwisho wake kW 100 na kuongezewa transfoma nimeambiwa nisubiri sana tena gharama juu yangu. Sasa kuna muuzaji anasema niweke betri ya kWh 200 mambo yaishe, chaja zitapiga full muda wote. Mimi sio mtu wa umeme kabisa, hapa kuna ukweli au ndo napigwa?

fundi_kimya
Ukweli upo, ila hiyo "muda wote" ndo chumvi yenyewe. Betri haizalishi umeme mkuu, ni kibubu tu, unaweka kidogo kidogo wakati hakuna gari alafu yakija unatoa kwa mkupuo. Tupige hesabu: magari mawili yakivuta 150 kila moja ni kW 300, laini inatoa 100, hizo 200 zilizobaki zinatoka kwenye betri. kWh 200 hapo haimalizi saa nzima maana huwezi kuikamua mpaka sifuri. Ikiisha magari yanagawana ile 100 ya laini, hamsini kwa hamsini, na kuijaza upya bila gari hata moja kuchomeka ni masaa mawili na ushee. Kwa hiyo kabla ya kuongelea ukubwa wa betri tuambie kwanza magari yanakujaje, yanapishana au yote yanakuja jioni?

mama_inverta
Fundi uko sawa ila umeikaza sana hesabu 😄 gari halivuti 150 toka mwanzo hadi mwisho, linapanda, linashika kidogo, linaanza kushuka, na likipita asilimia 80 linakuwa linadonoa tu. Kwahiyo betri inavuka hiyo saa moja. Mimi ningeangalia siku nzima: laini ya kW 100 kwa masaa 24 ni kWh 2,400, gari moja likichukua 40 ni magari 60, hapo bado hujatoa umeme unaopotea kwenye kubadilisha AC (umeme wa laini) kwenda DC (umeme wa betri) na kurudi, hujatoa feni na mitambo ya kupoozea betri, na hujatoa usiku ambapo betri imejaa na hakuna mteja. Magari 25 kwa siku yaliyosambaa unalala usingizi, 50 hapana. Na kama bili yako inahesabu kile kilele cha juu cha kW ulichofikia mwezi huo, betri inakusaidia hata pale laini ingetosha, maana kilele kinabaki chini.

betri_ni_betri
Naona mmeruka jambo. Hiyo betri ya kWh 200 inatoa kW NGAPI?? kWh ni ukubwa wa tanki, kW ni unene wa bomba. Kontena nyingi za betri sokoni zimetengenezwa kwa ajili ya sola, kazi yake kutoa taratibu kwa masaa mawili au manne. Ya kWh 200 ya masaa mawili inatoa kW 100 basi, jumlisha na laini unapata 200, kwahiyo 300 huioni hata betri ikiwa imejaa pomoni. Yalishanikuta haya, tulifunga mzigo wote, gari la kwanza likala vizuri tu, lilipokuja la pili yote mawili yakashuka chini ya 100, mteja anatuambia chaja mbovu, tukakesha tunabadilisha waya na kugombana na programu ya chaja kumbe karatasi ya betri ilishasema tangu siku ya kwanza, hatukuisoma.

mgeni_wa_volti
Duh. Nimerudi kwenye karatasi ya muuzaji, imeandikwa kWh 200 na pembeni 0.5C. Hiyo ndo nini?

betri_ni_betri
Ndo hiyo hiyo 😂 0.5 mara 200 ni kW 100. Unachotaka ni 1C, yaani itoe kW 200, na ikiwezekana inayopoozwa kwa maji sio feni, maana ukiikamua kwa kasi inachemka na seli zikichemka kila siku uhai unapungua.

fundi_kimya
Nakubali, hapo kwenye bomba nilipita haraka. Chukua seli za LFP (lithiamu ya chuma na fosfati), zinavumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa na haziwaki kirahisi kama NMC (lithiamu ya nikeli na kobalti), ila usiziamini kupitiliza, zikiharibika vibaya zinatoa gesi inayolipuka, acha nafasi kati ya kontena na magari. Hata wakubwa wanaenda njia hii, BYD, kampuni ya magari ya umeme ya China, Machi 2025 walitangaza mfumo wa kuchaji wa kW 1,000 na betri pembeni kwa sehemu gridi isipotosha, kwahiyo wazo lenyewe sio la kitapeli.

mgeni_wa_volti
Asanteni sana wakuu. Nimempigia muuzaji nikamuuliza kW ngapi, kanyamaza kidogo alafu kasema atanirudia. Toka asubuhi simu haipokelewi.