WAPENZI WA DANSI MAGOMENI 🎷: kanda za Mzee Salehe

*Alhamisi*

Mwajuma Mratibu 07:12
Asalaam aleykum wanakikundi, habari za asubuhi. Leo naomba tulimalize. Kanda za Mzee Salehe ni 62 na nyingine zimeanza kufubaa. Jumamosi tunahamishia kwenye kompyuta zipi kwanza? Kila mtu ataje tatu. TATU tu.

Mwajuma Mratibu 09:30
Mmesoma 19. Amejibu sifuri.

Shabani Msondo 09:55
Juwata, bendi ya Msondo. Juwata. Juwata. Nimemaliza.

Asha Sikinde 09:57
Ametuomba kanda tatu, si kanda moja mara tatu 😂

Shabani Msondo 09:58
Baba ya muziki hahitaji kusindikizwa.

Mwajuma Mratibu 10:03
Jamani, andikeni bendi, upande, na mwaka kama upo kwenye karatasi ya kasha. Nikipata majina matupu nitashindwa kuzitafuta kwenye lile sanduku.

Dogo Hamisi 10:20
Shikamooni wakubwa. Mimi naanza na Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala. Ndiyo albamu bora ya dansi, haina mjadala.

Mjomba Chande 10:41
Marahaba dogo. Mjadala upo. Ile ya Remmy ni ya 1989, ya Real World ya Uingereza, bendi moja, imepangwa iwe albamu tangu mwanzo. Kuiita albamu ni haki kabisa. Lakini unaposema bora, unailinganisha na nini? Enzi za RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi haikwenda studio kurekodi albamu. Ilikwenda kwenye studio ya redio Barabara ya Pugu na nyimbo zake mpya, wote wakapiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tumba na mapulizo, moja kwa moja kwenye mkanda. Akikosea mmoja, wimbo unaanza upya. Zile nyimbo zilikuwa za kurushwa redioni. Kanda ya dukani ilikuja baadaye, na ndani yake wamechanganya nyimbo za vipindi tofauti.

Dogo Hamisi 10:46
Na Hot in Dar je, mjomba? Ile siyo albamu?

Mjomba Chande 10:52
Ule ni mkusanyiko. Bendi kadhaa, nyimbo za 1978 hadi 1983, umetolewa Ufaransa 2009 katika mfululizo wa Zanzibara. Mzuri sana, ununue. Lakini mpangilio wa nyimbo ni wa mhariri, si wa kiongozi wa bendi. Huwezi kuupima kama unavyompima Remmy.

Asha Sikinde 11:05
Naungana na Mjomba. Na zaidi, Remmy yupo kwenye CD na mitandaoni, hafi kesho. Kinachokufa ni kile kilichonaswa redioni kwa kaseti, ambacho hata duka halijawahi kuwa nacho. Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, ya mwanzo kabisa, ile ya 1978 chini ya TTTS, shirika la usafiri na teksi, kabla ya kuhamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mzee anazo.

Shabani Msondo 11:07
Sikinde ya 1978 ni Juwata iliyohama nyumba. Gurumo mwimbaji katoka wapi? Abel Balthazar wa gitaa katoka wapi?

Asha Sikinde 11:09
Na King Enoch, kiongozi wa Sikinde, naye katoka wapi? Dar es Salaam Jazz. Sikiliza mapulizo ya Sikinde halafu uniambie kama Juwata walipanga vile. Tarumbeta na saksafoni hazimjibu mwimbaji tu, zina wimbo wao wenyewe. Na chemko, ile sehemu ya mwisho inayochangamka, linaingia taratibu, gitaa la solo linageuza kwanza, ndipo tumba zinafuata.

Shabani Msondo 11:10
Na 1985 Gurumo akawakimbia akaenda bendi ya OSS kupiga mtindo wa Ndekule 😂😂 Mwishowe akarudi kwa Baba. Aliyerudi nyumbani ndiye shahidi wa kweli.

Asha Sikinde 11:10
Ndekule yenyewe ilijengwa na watu wa Sikinde!

Mwajuma Mratibu 11:12
SHABANI. ASHA. Kanda tatu.

Kaka Deo Fundi 12:38
Habari za mchana. Dada Mwaju, nipe nafasi niweke hesabu, maana naona mnagawana kanda kama tuna mwezi mzima. Kanda haikopiwi haraka, inacheza kwa mwendo wake. C-90 ni dakika 90. Ongeza kusafisha hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma mkanda, kurudisha mkanda, kurekebisha skrubu, ni karibu saa mbili kwa kanda moja. Deki ni moja. Tukianza saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni tutamaliza NNE, na mambo yakienda vizuri sana TANO. Watu ishirini mara kanda tatu haiwezekani.

Mwajuma Mratibu 12:40
Kwa nini hukusema tangu wiki iliyopita kaka Deo?

Kaka Deo Fundi 12:44
Nilisema Jumanne. Wakati huo mlikuwa kwenye picha ya mwimbaji Marijani Rajab, Jabali, na suruali zake.

Dogo Hamisi 12:45
Ile suruali lakini 🔥🔥

Mzigo wa Pili (Tabata) 12:47
Marijani alikuwa anajua kuvaa, tuseme ukweli

Kaka Deo Fundi 12:58
Naendelea. Hivi ndivyo vinavyoharibu kazi, msome wote kwa sababu kuna watu wanajaribu wenyewe nyumbani.

1. Kabla ya kucheza, kanda ipelekwe mbele mpaka mwisho na irudishwe, mara moja. Iliyokaa miaka imejibana, ukiibonyeza icheze hapo hapo inavuta na sauti inayumba. C-120 usiipeleke kwa kasi, mkanda wake ni mwembamba, unajikunja na kuliwa.

2. Fungua macho kwenye kile kisponji chenye bati kilicho katikati ya mdomo wa kanda. Kikidondoka, mkanda haugusi hedi sawasawa na sauti nyembamba zote zinapotea. Watu wanadhani kanda imekufa, kumbe ni kisponji. Kama kasha lina skrubu tano, unafungua na kuhamishia mkanda kwenye kasha jingine.

3. Hedi zisafishwe kwa spiriti ya 90% kwenda juu na pamba ya kijiti. Ile ya 70% ya vidonda ina maji mengi. Subiri ikauke. Roli ya mpira ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo.

Kaka Deo Fundi 13:06
4. Hapa ndipo wengi wanapoua muziki. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo inayoinamisha hedi. Kila kanda ilirekodiwa na mashine yake, kwa hiyo kila kanda ina mwinamo wake, wakati mwingine hata upande A na B hazilingani. Unganisha kushoto na kulia ziwe mono, sikiliza matoazi, zungusha skrubu polepole sana mpaka matoazi yang'ae. Hapo umefika. Ukiacha hedi ilivyo, magitaa mawili ya Sikinde yanasikika kama gitaa moja. Hakuna programu itakayokurudishia hilo baadaye.

5. Dolby, ile swichi ya kupunguza msss wa kanda, ZIMA. Zilizonaswa redioni hazikuwekewa Dolby, ukiiwasha unaziba sauti.

6. Toa waya kwenye lain ya nyuma ya deki, si tundu la hedifoni. Kilele cha sauti kisipite desibeli -6. Ikigonga 0 inapasuka na haitengenezeki tena.

7. Faili iwe WAV, biti 24, 48 kHz. Usipande hadi 96, redio ya masafa ya kati haikuwa na sauti za juu hivyo, utajaza diski bure. Dakika 90 ni kama GB 1.5. Kanda 62 zikiwa zote C-90 ni kama GB 96. Flashi ya GB 32 mliyoniletea haitoshi.

Shabani Msondo 13:15
Kaka Deo, ukizihamisha uziondolee ule msss wa nyuma.

Kaka Deo Fundi 13:17
Siondoi. Faili ya kwanza inabaki ghafi ilivyotoka. Anayetaka kusafisha atengeneze nakala yake. Msss na matoazi vinakaa chumba kimoja, ukifukuza kimoja unafukuza na kingine.

Asha Sikinde 13:19
Asante kaka. Na santuri za Mbaraka Mwinshehe alizonazo Mzee? Zile ndogo za mwendo wa 45, wimbo umekatwa sehemu ya 1 na sehemu ya 2. Maneno upande A, chemko upande B. Zinaungwa?

Kaka Deo Fundi 13:24
Zinaungwa. Rekodi pande zote mbili bila kugusa kitufe cha mwendo, kata kwenye pigo la ngoma, si katikati ya noti, halafu ziingiliane kwa milisekunde 10 hadi 20. Lakini hifadhi na zile pande mbili zisizoungwa. Kazi ya siku nyingine hiyo.

Kaka Deo Fundi 13:25
Nimesahau la 8. Kabla ya chochote, vunja vile vibao viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Vikivunjwa, deki haiwezi kurekodi juu yake.

Asha Sikinde 13:31
Kama vibao vya kanda ya bluu vingevunjwa mwaka ule, tusingekuwa na hotuba ya mshenga iliyorekodiwa juu ya nyimbo za Sikinde.

Shabani Msondo 13:33
Asha. Hayo yalizungumzwa Kigamboni yakaisha.

Asha Sikinde 13:33
Yaliisha kwa nani?

Mzigo wa Pili (Tabata) 13:36
Mshenga mwenyewe alikuwa na sauti nzuri ya mapulizo 😂😂

Shabani Msondo 13:37
Mimi niliazima kaseti, sikuendesha redio. Aliyebonyeza anajulikana na hata leo yumo humu anasoma.

*Ujumbe huu umefutwa*

Mwajuma Mratibu 13:40
Nani kafuta nini? Tafadhali, tumo kwenye kanda TANO. Naandika: (1) Sikinde 1978, (2) Juwata yoyote yenye mwaka, (3) Vijana Jazz ya mwimbaji Maneti, (4)... bado, (5)... bado.

Dogo Hamisi 13:41
Nilichagua Remmy dada

Mwajuma Mratibu 13:41
Remmy yupo kwenye CD, Hamisi.

Dogo Hamisi 13:44
Lakini zile za Super Matimila, bendi ya Remmy, walizopiga hapa nyumbani kabla ya Uingereza hazipo kwenye CD ile. Kama Mzee ana moja, hiyo ndiyo nachagua.

Mjomba Chande 13:50
Hapo dogo umesema neno. Hiyo iwe ya nne.

Mwajuma Mratibu 16:20
Mzee Salehe, shikamoo. Tunaomba ruhusa tuje kuchukua kanda tano Ijumaa jioni, zipelekwe kwa kaka Deo, zirudi Jumapili.

Mama Zuhura 17:02
Amelala. Akiamka nitamsomea.

*Ijumaa*

Mzee Salehe 05:48
Marahaba. Nimesomewa yote. Kanda hazitoki nyumbani kwangu. Mashine ije hapa. Atakayezigusa ni Deo peke yake. Ya kwanza ni ile ya bluu.

Mwajuma Mratibu 06:15
Sawa baba.

Asha Sikinde 06:31
Sawa baba.

Mjomba Chande 06:40
Tumekusikia kaka.

Shabani Msondo 08:12
Sawa Mzee.

Kaka Deo Fundi 08:25
Sawa Mzee. Nieleze tu ili tusitegemee kisichokuwepo. Pale hotuba ilipopita, wimbo wa chini umefutwa, haurudi kwa mashine yoyote. Lakini kaseti inaandika kila upande kwenye nusu yake ya utepe. Upande B haukuguswa. Na upande A, hotuba ilipokoma, kilichofuata bado kipo. Usichezwe kwenye redio yoyote mpaka nifike.

Kaka Deo Fundi 08:29
Kwa Mzee kuna jenereta? Umeme ukikatika tusiwashe karibu na deki, inavuma. Laptopu itafanya kazi kwa betri, chaja ikichomolewa mvumo unapungua sana. Na nahitaji belti mpya ya deki, ya sasa imelegea, magitaa yanashuka kama robo ya noti. Nani anapita Kariakoo leo? Ni ile bapa, si ya mviringo, nitamtumia picha na kipimo.

Mwajuma Mratibu 08:50
Nani anapita Kariakoo?

Mwajuma Mratibu 11:30
Mmesoma 20. Belti.

Mama Zuhura 12:10
Jumamosi Mzee ana kliniki asubuhi. Jumapili baada ya adhuhuri labda.

Mwajuma Mratibu 12:11
Labda au ndiyo, mama? Tukianza baada ya adhuhuri tutahamisha kanda mbili tu. Ya bluu na moja nyingine.

Shabani Msondo 12:19
Hiyo moja nyingine ni Juwata.

Asha Sikinde 12:20
Ni Sikinde 1978, imeandikwa namba moja hapo juu.

Mjomba Chande 12:26
Namba moja ni ya bluu sasa. Karatasi ya kasha la bluu inasema nini upande B? Mwenye picha aiweke hapa kabla hamjagombana.

Mzigo wa Pili (Tabata) 14:03
Samahani nilikuwa kazini. Mimi napita Kariakoo saa kumi. Belti ya suruali au?

Kaka Deo Fundi 14:05
Ya DEKI. Angalia picha nakutumia sasa hivi.

Mwajuma Mratibu 14:06
Mama Zuhura, Jumapili ni ndiyo?