Naomba ushauri: mauzo ya Nestlé 2020 yalipanda au yalishuka? Na andalio la somo la michezo

mwanachuo_ualimu
Wakuu, habari za jioni. Nasomea ualimu, masomo yangu ni Biashara na Elimu ya Michezo. Nina kazi mbili za kukabidhi Ijumaa na zote zimenikwamisha.

Ya kwanza ni kueleza jinsi UVIKO-19 ilivyogusa fedha za kampuni za chakula mwaka 2020. Nimechukua Nestlé na Sysco. Nestlé wanasema walikua kwa asilimia 3.6, lakini mauzo yalitoka faranga za Uswisi bilioni 92.6 mwaka 2019 hadi bilioni 84.3. Sasa niandike yalipanda au yalishuka? Sysco nao wanasambazia migahawa chakula, migahawa ikafungwa, halafu mauzo ya mwaka mzima yakapungua asilimia 12 tu. Haliniingii akilini.

Ya pili ni andalio la somo la dakika 40: pasi ya kifua, mpira wa kikapu, wanafunzi 40, mipira 10. Lengo langu mahususi ni "mwanafunzi aelewe pasi ya kifua". Mkufunzi amelirudisha.

mama_hesabu
Mwanangu, andika yote mawili, ila useme kila namba inapima nini. Ile 3.6 ni ukuaji ukiweka kando mambo mawili: kubadilisha fedha, na biashara zilizouzwa au kununuliwa. Nestlé waliuza kitengo cha bidhaa za ngozi mwaka 2019, na biashara ya aiskrimu ya Marekani ikaondoka mwanzoni mwa 2020. Mauzo na manunuzi ya namna hiyo yalipunguza asilimia 4.6. Faranga nayo ilipanda thamani, kwa hiyo fedha za nchi nyingine zikigeuzwa faranga zinaonekana chache: hapo zimeondoka asilimia 7.9. Kokotoa mwenyewe: 3.6 toa 4.6 toa 7.9, unapata hasi 8.9. Ndiyo hiyo safari ya kutoka 92.6 hadi 84.3. Wateja hawakuikimbia kampuni. Walinunua zaidi kahawa ya nyumbani na chakula cha mbwa na paka wa nyumbani, huku mauzo ya hotelini na maofisini yakianguka.

Kwa Sysco, angalia mwaka wao wa fedha unaisha lini. Ule wa 2020 uliisha tarehe 27 Juni, kwa hiyo miezi mingi ndani yake ni ya kabla ya janga. Ukitazama robo ya mwisho ya mwaka huo, yaani miezi mitatu ya mwisho, peke yake, mauzo yalishuka asilimia 42.7, hadi dola bilioni 8.9. Hapo ndipo janga lenyewe linaonekana. Ukilinganisha kampuni mbili bila kulinganisha miezi, uchambuzi wote umeharibika.

kocha_wa_jioni
Kwenye fedha mama amemaliza, mimi nashika uwanja. Mkufunzi wako yuko sahihi. "Aelewe" utaipimaje ukiwa umesimama pembeni na filimbi? Andika hivi: "Hadi mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kumpigia mwenzake aliye umbali wa mita 4 pasi ya kifua, ifike kifuani angalau mara 7 kati ya 10." Hiyo unaihesabu.

Kisha andika utakachokagua: vidole vimetanda pande za mpira na kidogo nyuma yake, viwiko karibu na mwili, mguu mmoja unasonga mbele, mikono inanyooka hadi mwisho na vidole gumba vinaishia vikielekea chini. Watoto wengi hukosea hapo kwenye gumba, mpira unatoka bila nguvu.

Muda: 6 kupasha mwili, 5 kuonyesha, 20 mazoezi, 5 kupima, 4 kupoza mwili. Wagawe wanne kwa mpira mmoja, wawili wanapasiana, wawili wanahesabu na kukagua gumba, kisha wanabadilishana. Tafadhali usiwapange foleni ndefu. Mtoto akisubiri zamu robo saa, hujafundisha michezo.

mwanachuo_ualimu
Nashukuru sana mama, asante kocha. Mama, swali la mwisho: kwa Sysco niongeze nini zaidi ya mauzo?

mama_hesabu
Fedha taslimu. Mauzo yakikatika ghafla, mishahara na wauzaji bado wanadai. Aprili 2020 Sysco walikopa dola bilioni 4 kwa hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, ili wawe na akiba mkononi. Kwa hiyo fungua taarifa ya mtiririko wa fedha na mizania (orodha ya mali na madeni ya kampuni), uone deni lilivyopanda pamoja na fedha taslimu. Anza na mizania, ni ukurasa mmoja tu.