Ghorofa 30 juu ya handaki la treni: mipira ya msingi tuiache?

Nondo16: Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mhandisi wa majengo, mwaka wa tatu kazini. Tuna jengo la makazi la ghorofa 30, na chini ya kiwanja yanapita mahandaki mawili ya treni zinazofanya kazi. Nguzo za msingi tumezipanga nje ya mahandaki na katikati yake, juu boriti nene za kuvusha uzito. Ugomvi ni mipira ya kuzuia mtetemo, yale mapande ya mpira ya kukalishia jengo. Mwenye mradi anasema ni ghali. Tujenge kwanza, wapangaji wakilalamika ndipo tuiweke. Treni ikipita, bati la kibanda cha mlinzi linalia. Nimjibu nini?

Mzee wa Zege: Kijana, mpira unakaa kati ya msingi na jengo. Kuuweka baadaye maana yake unyanyue ghorofa 30 na watu wake na makabati yao. Mwambie hivyo hivyo. London kuna Albany Court, jirani na kituo cha St James's Park, lilikalishwa juu ya mipira tangu miaka ya 1960. Hili si jambo jipya. Ila acha nafasi ya kuingiza jeki, siku mpira ukichoka ubadilishwe.

Kitasa: Kwani madirisha ya vioo viwili hayatoshi?

Mzee wa Zege: Hayasaidii kitu. Mtetemo unapanda na nguzo, kuta na sakafu zinageuka ngoma. Mngurumo unazaliwa humo humo chumbani.

Fundi Bomba: Mimi naongezea langu. Tulifunga bomba la maji taka likavuka pengo la mipira, ile nafasi kati ya msingi na jengo, tukalishika kwa klemu za chuma juu na chini. Chumba kimoja kikawa kinanguruma, vingine kimya. Wiki nzima tunatafuta mchawi! Kumbe mtetemo umepata daraja lake. Kila kinachovuka pengo kiwe na kiungo laini: bomba, ngazi, hata reli za lifti. Na mafundi wasijaze pengo kwa makombo ya zege.

Dira: Mnasahau shimo. Wengi wanaogopa uzito wa jengo kukandamiza handaki, lakini hatari ya kwanza ni kuchimba. Ukiondoa udongo, ardhi ya chini inapumua, handaki linainuka. Milimita chache tu na reli zinaweza kutoka kwenye mstari. Chimba kwa vipande, vioo vya kupimia kama handaki linasogea viwe vimefungwa ndani yake kabla ya koleo la kwanza, na kikomo cha kusimamisha kazi kiandikwe. Barua ya ruhusa ya wenye reli unayo?

Nondo16: Barua bado, kesho naifuata, mchoro wa shimo nao naupanga upya. Mwenye mradi nilimwomba akae kwenye kile kibanda mpaka treni ya mwisho. Alikaa dakika kumi, akauliza tena bei ya mipira.

Fundi Bomba: Mwongezee na bei ya viungo laini hapo hapo, kabla hajapoa.